Margin Call: kati ya Sam na Tuld, nani mwizi zaidi?

1. Mwana Langoni
Assalaam aleikum wakuu. Jana baada ya isha tulikaa kwa jirani, watu saba, tukaitazama Margin Call mwanzo hadi mwisho. Nimelala nayo, nimeamka nayo, kwa hivyo naileta hapa.

Kwa asiyeijua: ni ya 2011, imeandikwa na kuongozwa na J.C. Chandor. Karibu yote inapita katika siku moja na usiku wake, ndani ya benki ya uwekezaji ya New York, mwaka 2008. Watu wa ghorofa wanafukuzwa kazi kwa mafungu. Mmoja wao, Eric Dale, mtu wa kupima hatari, anasindikizwa hadi lifti na kasha lake mkononi. Milango ikikaribia kufunga anampa kijana wake, Peter Sullivan, flashi na kumwambia awe mwangalifu. Usiku kijana anaimalizia ile hesabu na anakuta kampuni imejaa dhamana za mikopo ya nyumba kiasi kwamba zikishuka robo tu, hasara inaizidi thamani ya kampuni yenyewe. Wakubwa wanaitwa usiku wa manane. Mkuu wao, John Tuld, anashuka kwa helikopta. Alfajiri uamuzi umepita: soko likifunguliwa, uzeni zote, kwa wateja wenu wa siku zote, kabla hawajajua.

Barazani wote walimlaani Tuld. Mimi nasema Sam Rogers, mkuu wa wauzaji, ni mbaya kumzidi. Tuld yuaamini anachofanya. Sam anajua ni makosa, anasema mbele ya wote kwamba ni makosa, kisha anasimama mbele ya vijana wake asubuhi na kuwaagiza wauze. Mjuzi anayeshika pesa ana dhambi mbili. Nipingeni.

2. Shela Upepo
Waaleikum salaam. Kaka, umetumalizia filamu nzima na wengine hatujafika nusu!

Nimeiona zamani lakini. Nakupinga. Sam ndiye pekee aliyejaribu kusimama. Alimwambia Tuld kwamba wakiuza hivyo hakuna atakayewaamini tena na wanaliua soko lenyewe. Na yule mbwa wake anayekufa je? Mtu asiye na moyo hamlilii mnyama.

3. Mwana Langoni
Hapo hapo dada! Mbwa ana uvimbe, Sam anatumia dola 1,000 kwa siku kumweka hai, na amekaa ofisini machozi yanamtoka. Nje ya mlango huo huo watu wake wanapewa makasha ya kubebea vitu vyao. Alimlilia nani?

4. Kijana wa Mokowe
Hii si hadithi ya kubuni. Ni benki ya Lehman Brothers. Tuld ni mkuu wao, Dick Fuld, herufi moja imebadilishwa. Lehman walianguka 15 Septemba 2008 na deni la zaidi ya dola bilioni 600.

5. Binti Mkomani
Mokowe, jina limefanana, kisa hakijafanana. Lehman walizama kwa sababu hawakutoka mapema. Kampuni ya kwenye filamu inatoka wa kwanza na inaokoka. Ukitaka wa kuwafananisha, wengi huitaja benki ya Goldman Sachs, maana wao walianza kupunguza mizigo hiyo mapema, na Julai 2010 walikubali kuilipa tume ya hisa ya Marekani dola milioni 550 kwa ajili ya dhamana moja iliyoitwa Abacus, ambayo wanunuzi hawakuambiwa kwamba aliyesaidia kuchagua vilivyomo alikuwa ameweka dau kwamba itaanguka. Lakini filamu yenyewe haitaji kampuni yoyote, na nadhani ni kusudi. Baba yake Chandor alifanya kazi benki ya Merrill Lynch miaka mingi, kijana amekulia katika mazungumzo hayo. Ndiyo maana hakuna anayepiga kelele mle ndani. Wanaongea kama watu wanaozungumzia hali ya hewa.

6. Mhasibu wa Malindi
Shukran Binti Mkomani. Niongeze hesabu, maana naona watu wanahukumu bila kuiona.

Chukua mtu anayenunua jahazi la shilingi milioni 3. Ana 100,000 zake, 2,900,000 amekopa. Jahazi likipanda bei hadi milioni 3.1, amepata faida sawa na mtaji wake wote. Kila mtu atamwita hodari. Jahazi likishuka hadi milioni 2.9, hana kitu. Likishuka zaidi ya hapo ana deni na hana pa kulitoa. Benki za uwekezaji za Marekani miaka ile zilikuwa karibu na kiwango hicho, shilingi moja yao kwa takriban 30 za kukopa. Kosa halikufanywa usiku ule wa filamu. Lilifanywa miaka iliyotangulia, kila siku, na watu wakipewa bahashishi kwa kulifanya. Sarah Robertson, mkuu wa hatari, alishawaonya wakubwa mapema, na bado yeye ndiye aliyechinjwa.

Kwa hivyo kuuliza nani mbaya kati ya Sam na Tuld ni kuuliza nani aliyeingiza maji ilhali chombo kimetoboka tangu bandarini.

7. Nahodha Mstaafu
Filamu sikuiona, bahari nayua. Ndugu Mhasibu, umesema chombo kimetoboka. Twaib. Aliyekitoboa ana lake, na aliyekitia deheni kikang'aa akamuuzia mwenziwe ana lake. Usituchanganyie.

Chombo kibovu hakijifichi chenyewe. Kuna mtu alikaa chini ya mkuku, ule mti wa chini wa chombo, akaziba tundu kwa pamba, akakalafati, akapaka deheni ya shahamu na chokaa juu yake hadi mato ya mnunuzi yakaona weupe mtupu. Mkono ule ndio naoutaka mimi.

8. Kijana wa Mokowe
Nahodha umenimaliza.

9. Ustadh Mkunguni
Nahodha ameitangulia hadithi niliyotaka kuileta. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba kilinyeshewa. Akamwambia kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona. Anayeghushi si katika sisi. Ipo katika Sahih Muslim.

Tazameni vizuri: hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alimkataza kuificha. Kwa kipimo hiki Tuld angeweza kuuza kila kitu alichonacho asubuhi ile, mradi aseme kilivyo. Bei ingekuwa ya kutupa, ndiyo. Hiyo ndiyo bei yake halali. Kile alichopata juu ya hapo ndicho kilicho haramu.

10. Mhasibu wa Malindi
Ustadh, kwa heshima zote. Yule wa nafaka alikuwa anamuuzia mama wa nyumbani. Hawa walikuwa wanawauzia mabingwa wenzao, watu wenye mashine zile zile, hesabu zile zile, wanasheria mlango mzima. Kila mmoja sokoni yuko pale kwa kuamini kwamba anajua kuliko mwenziwe. Mnunuzi akishindwa ni mchezo wake. Mimi bado nasema wa kulaumiwa ni waliopiga muhuri. Mashirika ya kupima ubora wa mikopo yalizipa dhamana hizo daraja la juu kabisa. S&P, mojawapo ya mashirika hayo, walikuja kulipa dola bilioni 1.375 mwaka 2015 kumaliza kesi hizo. Muhuri ukiwa wa uongo, wauzaji na wanunuzi wote ni vipofu.

11. Binti Mkomani
Lakini asubuhi ile hawakuwa vipofu, Mhasibu. Hilo ndilo tofauti. Hadi saa tano za usiku unaweza kusema hawakujua. Baada ya Peter kuonyesha jedwali lake, walijua.

Na nyuma ya "mabingwa wenzao" kuna pesa za nani? Za pensheni. Za mwalimu na mzima moto wa mji fulani aliyekatwa mshahara miaka 30. Mabingwa wanacheza, anayelipa hayumo chumbani. Yumo kwenye filamu hata mmoja? Wakati Peter na kijana mwenzake wa kazi, Seth, wako ndani ya gari usiku, wanapita mitaani, Peter anawatazama watu wa nje na kushangaa kwamba hawajui kinachokuja. Dakika moja hiyo tu. Kwangu ndiyo filamu nzima.

12. Kijana wa Mokowe
Naomba niseme langu, mniwie radhi kwa urefu.

Tarehe 2 Machi 2012 viongozi walikuja kuweka jiwe la msingi la bandari yetu ya Lamu: Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Kufikia jioni kila kijana wa Mokowe na Hindi alikuwa dalali. Mimi nilikuwa na miaka 22. Dalali mmoja mkubwa, jina simtaji, alinipa kazi ya kuwapeleka wageni shambani. Kamisheni nilipewa papo hapo, noti mkononi. Nilitembeza watu msituni, nikiwaonyesha vigingi, "hapa barabara, hapa bandari, hapa kwako".

Mwaka wa pili nikaona. Barua moja ya shamba, nambari moja, ilikuwa mikononi mwa watu watatu. Niliiona kwa mato yangu mezani kwake, nakala tatu, majina matatu. Nilikaa kimya. Nilipeleka wateja wengine wanne baada ya siku ile. Nilikuwa najenga chumba kwa mama, mabati yalibaki nusu.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mama wa Witu, aliuza ng'ombe. Hadi leo nikimwona Mokowe jeti nashuka upande wa pili.

Kwa hivyo Mwana Langoni, unaposema Sam ana dhambi mbili, mimi sina la kukupinga. Gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021, nilikwenda kuangalia meli. Sikukaa.

13. Shela Upepo
Pole kaka. Na ahsante kwa kusema.

14. Nahodha Mstaafu
Mokowe. Mama yule yu hai? Ikiwa yu hai bado ndia iko.

15. Dada wa Faza
Nimesoma yote, nimenyamaza, sasa nasema. Mnazungumza kama watu hawa walikuwa huru kuchagua. Hawakuwa.

Kuna mahali kwenye filamu, juu ya paa, yule Will Emerson, msaidizi wa Sam, anaulizwa alipata kiasi gani mwaka uliopita. Dola milioni 2.5. Anaulizwa zimekwenda wapi, anaanza kuzitaja: nusu kodi ya serikali, 300,000 mkopo wa nyumba, 150,000 kwa wazazi, 150,000 gari, mahoteli, nguo... Anapiga hesabu hadi karibu zote zimetajwa. Na mwisho Sam, mwenye miaka 34 kazini, anakwenda kumwambia Tuld anataka kuondoka. Tuld anamtaka abaki miezi 24. Anakubali, na anasema si kwa maneno yako, ni kwa kuwa nahitaji pesa. Mtu aliyelipwa mamilioni kila mwaka!

Baba yangu alikuwa mvuvi wa kamba mawe. Nyavu za tajiri, mashine ya tajiri, mafuta ya tajiri, barafu ya tajiri. Kila msimu wa kusi anakopa, kila kaskazi analipa kwa kamba, kwa bei anayoitaka tajiri. Siku moja aliambiwa apeleke kamba wadogo wasioruhusiwa. Alijua. Aliwapeleka. Mimi nilikuwa nimeshika ile ndoo, naona mayai mekundu yamewaganda tumboni. Nilimuuliza, akaniambia, "Mwanangu, aliye na deni hana ulimi."

Sam ni baba yangu mwenye suti. Siwezi kumwita mwizi.

16. Mwana Langoni
Dada yangu, hapana. Nakuheshimu na namheshimu mzee, Mungu amrehemu kama ametangulia. Mzee alikuwa na watoto wa kulisha usiku ule. Sam alikuwa na nini? Deni la mtu maskini ni kamba shingoni, deni la tajiri ni mkufu alioununua mwenyewe. Usiwaweke kwenye mizani moja.

17. Dada wa Faza
Yu hai, alhamdulillahi, na ana miaka 81. Na kamba ni kamba, kaka, hata ikiwa ya dhahabu inanyonga.

18. Ustadh Mkunguni
Dharura ina mipaka yake katika fiqhi, na dharura ya kulinda gari na nyumba ya pili haimo. Lakini nakubaliana na Dada wa Faza kwamba deni hufunga ulimi. Ndiyo maana tumefundishwa kuomba kinga na deni.

19. Shela Upepo
Mbona hakuna anayemtaja Eric Dale? Kwangu yeye ndiye wa kuumiza roho. Amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, amefukuzwa, anaanza kusimulia daraja. Kabla ya benki alikuwa mhandisi. Alijenga daraja moja kati ya Ohio na West Virginia, na anapiga hesabu kichwani: watu wangapi kwa siku, maili ngapi wameokolewa, miaka mingapi ya maisha ambayo watu hawakuipoteza ndani ya gari. Kisha kazi yake ya miaka 19 benki hana cha kuihesabia.

Nilipoiona nilifikiria hapa kwetu. Ndege inatua kisiwani Manda, na mama mwenye uchungu wa uzazi anasubiri boti avuke. Wenye akili zetu za hesabu wako wapi? Nairobi, kwenye benki.

20. Binti Mkomani
Hesabu yake ni hii: watu 12,100 kwa siku, maili 35 kwenda na 35 kurudi, inakuja maili 847,000 kwa siku. Kwa miaka 22 anafikisha miaka 1,531 ya maisha. Nimeipiga kwa kikokotoo kwa mwendo wake wa maili 50 kwa saa, haikubali: inakuja zaidi ya miaka 15,000, kama mara kumi ya aliyoitaja.

Na Peter vile vile. Ana shahada ya udaktari ya uhandisi wa roketi. Wanapomuuliza amefikaje benki anasema zote ni nambari, ila huku pesa ni nzuri zaidi. Huenda hili ndilo jibu la swali la uzi, kwamba uroho hauanzi na kuuza takataka. Unaanza pale mtu mwenye kujua kujenga daraja anapolipwa mara kumi asilijenge.

21. Mhasibu wa Malindi
Hapo nakataa, Binti Mkomani. Na mimi nilisomea uhandisi wa maji, nikaenda uhasibu kwa sababu hakuna aliyeniajiri maji. Si uroho. Kazi zilikuwa hazipo.

22. Binti Mkomani
Hilo nalikubali, afwan.

23. Mtu wa Matondoni
Jamaa, mimi si mwandishi humu, huwa nasoma tu. Lakini Nahodha amenigusa mahali.

Nina mashua, futi 24, nauza. Nimeitangaza 350,000. Mnunuzi ni kijana wa Kizingitini, anakuja Alhamisi na maji ya asubuhi. Mwezi uliopita nilipoipandisha ufukweni nilikuta mkuku, upande wa tezi, yaani nyuma, umeliwa na wadudu. Si sana. Ukisukuma msumari unaingia nusu kidole. Fundi ameziba, ametia deheni, haionekani. Fundi anasema itakwenda misimu miwili, mitatu. Nina ada ya mtoto ya kulipa.

Kijana hajauliza. Je, nimwambie asipouliza?

24. Kijana wa Mokowe
Mwambie.

25. Mwana Langoni
Mwambie, kaka.

26. Mhasibu wa Malindi
Mwambie na ushushe kidogo, 320,000. Kila mashua iliyotumika ina ila yake, naye si mtoto. Fundi amesema misimu mitatu, basi unauza misimu mitatu.

27. Nahodha Mstaafu
Msumari ukiingia nusu kidole upande wa tezi, hapo ndipo usukani unapovuta. Kaskazi ya Kiwayuu haina misimu mitatu. Fundi wako akae yeye ndani ya chombo hicho na wanawe.

28. Ustadh Mkunguni
Ni wajibu wako kumwambia hata asipouliza. Ukimficha, akija kuiona ana haki ya kukurudishia chombo na kuchukua pesa zake, na akizama hakuna wa kurudisha.

29. Dada wa Faza
Mwambieni mwambieni, na ada ya mtoto mtamlipia nani hapa? Kila mmoja wetu ni mwaminifu kwa mashua ya mwenziwe. Matondoni, ninakuelewa. Mwambie, lakini ninakuelewa.

30. Shela Upepo
Nani mwenye filamu nyingine kama hii, tuitazame Ijumaa? Isiwe na helikopta tafadhali.

31. Kijana wa Mokowe
Hivi kuna yeyote aliyefungwa baada ya 2008? Filamu inaisha na kila mtu amelipwa. Vijana waliahidiwa dola milioni 1.4 kila mmoja wakiuza asilimia 93 ya mizigo yao.

32. Binti Mkomani
Wanaotajwa ni wachache mno. Mmoja ni Kareem Serageldin wa benki ya Credit Suisse, alihukumiwa miezi 30 mwaka 2013 kwa kuficha hasara za dhamana kama hizi vitabuni. Wakubwa wa benki kubwa, hakuna. Kampuni zililipa faini, na faini hulipwa na wenye hisa.

33. Mwana Langoni
Na bado mnanitaka nimhurumie Sam.

34. Mtu wa Matondoni
Wakuu, amekuja. Naandika nikiwa bado ufukweni.

Nilimlaza chini ya mashua, nikakwangua deheni kwa kisu mahali penyewe, nikampa msumari mkononi mwake ausukume. Ukaingia. Alikaa pale chini muda mrefu, haongei, anapitisha kidole. Akatoka, akakung'uta mchanga magotini, akasema 220,000. Nikasema 290,000. Akasema atazungumza na nduguye. Ameondoka na mashua ya saa tano.

Sijui kama atarudi. Ada ni Jumatatu.

35. Nahodha Mstaafu
Mkuku mpya ni mbao gani utatia, mvule au mkoko? Nitumie picha ya tezi. Kesho nakuya Matondoni baada ya alfajiri, nikiangalie mwenyewe.

36. Mwana Langoni
Nahodha nami nakuja. Na Dada wa Faza, suala la Sam halijaisha, nimeirudia dakika ile anaposema anahitaji pesa. Anaisema huku Tuld amekaa anakula. Nina maneno juu ya hilo sahani, nikirudi Matondoni nitaandika.